Uvimbe wa Ukuta wa Kifua: Namna ya Kuutambua, Kuupima na Kuutibu

Tunaposema ukuta wa kifua katika sura hii hatuna maana ya mapafu wala moyo. Tuna maana ya kile kizimba kinachovihifadhi: jozi 12 za mbavu, mfupa wa kidari ulio mbele, sehemu ya uti wa mgongo iliyo nyuma, gegedu zinazounganisha mbavu na kidari, misuli iliyotandazwa kati ya ubavu na ubavu, neva, mishipa ya damu, mafuta na ngozi. Kizimba hiki kina kazi mbili zisizofanana. Ni lazima kiwe kigumu ili pigo lisifike moyoni, na papo hapo kiwe chepesi kupanuka na kusinyaa kila tunapovuta pumzi. Kila sehemu tuliyoitaja inaweza kuota uvimbe, na ndiyo sababu uvimbe wa mahali hapa una aina nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Huu si ugonjwa wa kila siku. Mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi akaona wagonjwa wachache tu wa namna hii, na uchache huo huleta hatari yake. Mvuvi wa Ukara aliyevuta nyavu usiku kucha huambiwa kwamba msuli umekaza. Mama mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba huambiwa kwamba ni mizigo anayobeba. Mchimbaji wa Geita hukumbuka jiwe lililomgonga mwaka juzi, na kila mtu huridhika na maelezo hayo. Donge huchuliwa kwa mafuta, huchanjwa chale, hutulizwa kwa vidonge vya maumivu, na miezi hupita. Kuhusu jiwe lile, tuseme wazi: hakuna ushahidi kwamba pigo huzaa saratani ya mbavu. Mara nyingi pigo humfanya mtu apapase mahali ambapo hakuwahi kupapasa, akakuta kitu kilichokuwapo tangu zamani. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Wachache hurithi hali inayowaotesha uvimbe katika mifupa au katika neva, na wachache wengine huupata miaka mingi baada ya kifua chao kutibiwa kwa mionzi. Uchawi haumo katika orodha hiyo, wala ulaji wa samaki.

Uvimbe usio saratani

Uvimbe unaojulikana zaidi ni ule wa mafuta, yaani lipoma. Huwa laini, huteleza chini ya kidole, hukua polepole kwa miaka na kwa kawaida hauna maumivu. Ukiwa mdogo na daktari ameuhakikisha, unaweza kuachwa ulivyo. Upo pia uvimbe unaoota kwenye mfupa wa ubavu kama kigingi kilichofunikwa gegedu, na upo ubavu ambao kipande chake kimegeuka kuwa nyuzinyuzi badala ya mfupa imara. Hizi nazo si saratani, ingawa uvimbe wa gegedu unaoendelea kukua kwa mtu mzima haupaswi kuaminiwa hata ukionekana mpole katika picha. Upo uvimbe mwingine uitwao desmoidi ambao hausambai mwilini kama saratani, lakini hujichimbia katika misuli ya jirani na una tabia ya kurudi baada ya kukatwa. Mgonjwa akiambiwa kwamba desmoidi si saratani, asidhani kwamba ameambiwa ni kitu kidogo.

Kuna mambo mengine yanayofanana na uvimbe nayo siyo. Kovu linalovimba juu ya kidari na kuwasha ni la ngozi peke yake, na kulikata bila tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi. Gegedu ya ubavu wa pili au wa tatu, karibu na kidari, inaweza kuvimba na kuuma kwa wiki au miezi kisha ikatulia yenyewe. Ubavu uliovunjika zamani huacha nundu ngumu mahali ulipoungana.

Lakini kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa, jambo la kulifahamu kuliko yote hayo ni jipu baridi la kifua kikuu. Watu wengi huamini kwamba kifua kikuu ni kikohozi. Vimelea vyake vinaweza kukaa katika ubavu au chini ya misuli na kujenga donge lenye usaha ndani yake, lisilo na joto wala wekundu wa jipu la kawaida. Mgonjwa anaweza kukohoa au asikohoe kabisa. Anaweza kutoka jasho usiku na kukonda, au asione lolote zaidi ya donge. Likitumbuliwa kwa wembe, huacha tundu linalotoa majimaji kwa miezi na lisilotaka kufunga. Likitambuliwa mapema, tiba yake kuu ni vidonge vinavyomezwa kwa miezi 6 au zaidi, na vidonge hivyo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa hiyo kipimo cha kifua kikuu, pamoja na cha virusi vya UKIMWI, ni sehemu ya uchunguzi wa donge la kifuani. Mgonjwa asione kwamba anadhalilishwa anapoombwa kupimwa.

Uvimbe ulio saratani

Kwa watu wazima, saratani inayoonekana ukutani mwa kifua mara nyingi imetoka kwingine: katika titi, mapafu, tezi dume, figo au tezi ya shingo. Ndiyo maana daktari aliyeonyeshwa donge la ubavuni anaweza kuomba kupapasa matiti ya mama, au kumwuliza mzee habari za mkojo wake. Hajasahau alichoonyeshwa.

Saratani inayoanzia hapo hapo huitwa kwa jumla sarkoma, ikiwa imetokana na mfupa, gegedu, misuli au nyama laini. Ya gegedu, yaani kondrosarkoma, ndiyo inayoongoza kwa watu wazima miongoni mwa zile za mifupa ya kifua. Hukua taratibu, huwa ngumu kama jiwe, na hupendelea sehemu ya mbele ambapo mbavu hukutana na kidari. Kwa watoto na vijana huogopwa zaidi sarkoma ya Ewing, ambayo huuma, hukua upesi na mara nyingine huleta homa, hata ikadhaniwa kuwa jipu. Tena ipo saratani ya seli za damu zinazotengeneza kinga, ambayo hula ubavu mmoja na inaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa uliokwisha kuenea katika uboho wa mifupa mingine.

Dalili zinazotaka haraka si nyingi. Donge lililofikia ukubwa wa limau, yaani sentimita 5 hivi. Donge gumu lililoshikamana na ubavu lisilosogea. Donge linaloonekana kukua kutoka mwezi hadi mwezi. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku. Donge lililorudi baada ya kukatwa. Mojawapo linatosha. Wala asiyesikia maumivu asijipe moyo kwa hilo, kwa maana sarkoma nyingi za nyama laini hazina maumivu hadi zinapokuwa kubwa.

Kabla ya kisu

Mlolongo wa rufaa unaanza zahanati au kituo cha afya, unapita hospitali ya wilaya na kufika hospitali ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure. Juu yake ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa 1971 juu ya kilima kinachoitazama Mwanza, na inayopokea wagonjwa kutoka Mwanza, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga, Kagera na kwingineko. Zamani mgonjwa wa saratani wa ukanda huu aliyehitaji mionzi hakuwa na njia ila kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi walirudi nyumbani kabla ya kuanza safari hiyo. Leo Bugando ina idara ya saratani inayotoa tibakemia na tibamionzi, ingawa bado wapo wagonjwa wanaopelekwa Muhimbili au Ocean Road kwa sababu maalumu.

Uchunguzi huanza kwa kuulizwa na kupapaswa, kisha eksirei ya kifua. Eksirei huonyesha kama ubavu umeliwa na kama mapafu yana madoa. Altrasaundi hutofautisha donge lenye maji au usaha na lile lililojaa nyama. Kipimo cha CT huonyesha kwa undani zaidi uvimbe umefika wapi: kama umepenya kuelekea kwenye mapafu, na ni mbavu ngapi zimeguswa. Picha hizi zote, hata zikiwa nzuri namna gani, haziwezi kutaja jina la ugonjwa. Jina hutoka katika kipande cha nyama kinachotazamwa kwa darubini.

Hapa tunamwomba msomaji atulie nasi kidogo. Hali inayotuhuzunisha kuliko zote ni ya mtu aliyekatwa donge katika kituo kidogo, kwa ganzi ya sindano, kwa dakika 30, akaambiwa ni mafuta tu, na kile kilichokatwa kikatupwa. Baada ya miezi donge likarudi, safari hii likiwa chini ya kovu. Sasa daktari bingwa hajui kilichokuwapo mwanzo, na seli za saratani zinaweza kuwa zimetapakaa kote kisu kilikopita. Upasuaji ambao ungekuwa wa sentimita chache unakuwa mkubwa mara mbili. Kwa sababu hiyo, donge lenye dalili tulizozitaja lisikatwe lote kabla halijajulikana ni nini. Kwanza lichomwe sindano nene inayotoa vipande vyembamba vya nyama, au likatwe kipande kidogo, na anayefanya hivyo awe ni yule atakayefanya upasuaji mkuu au amewasiliana naye, maana tundu la sindano nalo litahitaji kuondolewa baadaye pamoja na uvimbe. Wapo wanaoogopa kwamba kuchoma sindano kutaiamsha saratani. Sindano iliyopangwa vizuri haina madhara ya kulinganishwa na kukata bila kujua.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kulala kitandani: "Daktari, nyama hii itapelekwa wapi?" Jibu linapaswa kuwa maabara ya patholojia. Mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye anayekabidhiwa chupa aipeleke mjini kwa boti au kwa basi, na wengi huibeba bila kujua wamebeba nini. Chupa iwe na mdomo mpana na kifuniko kisichovuja. Ndani yake kiwemo kimiminika kiitwacho fomalini, kiasi kinachozidi kipande cha nyama mara 10 hivi. Maji ya kawaida huiozesha nyama hiyo, na barafu huharibu seli zake. Kwenye ubavu wa chupa, wala si kwenye kifuniko kinachoweza kubadilishwa, yaandikwe jina la mgonjwa, umri, tarehe na mahali nyama ilipotoka. Fomu ya daktari iende pamoja nayo. Fomalini ni sumu: isinuswe, isifunguliwe njiani, na isiwekwe karibu na chakula au watoto. Dai risiti unapoikabidhi, na uulize siku ya kufuata majibu. Majibu yakitoka, omba nakala yako. Karatasi hiyo utaihitaji katika kila hospitali utakayokwenda, na tumeona kwamba anayeihifadhi pamoja na hati zake za kiwanja huipata kwa urahisi kuliko anayeiacha mikononi mwa wengine.

Matibabu

Hakuna tiba moja kwa uvimbe wote wa ukuta wa kifua, na tofauti zake si ndogo. Kondrosarkoma haisikii sana tibakemia wala mionzi, hivyo tegemeo ni kisu: uvimbe hutolewa mzima, ukiwa umezungukwa na nyama na mfupa usio na ugonjwa kwa sentimita kadhaa kila upande. Daktari anayeeleza kwamba atatoa ubavu mmoja juu na mmoja chini ya ule wenye uvimbe hafanyi ukatili. Anajaribu kuhakikisha kwamba halitabaki lolote. Sarkoma ya Ewing hufuata njia nyingine. Hutangulia tibakemia kwa miezi, uvimbe ukasinyaa, ndipo hufuata upasuaji au mionzi, na tibakemia huendelea tena. Kumkimbiza mtoto wa namna hii moja kwa moja katika chumba cha upasuaji ni kosa. Saratani ya seli za kinga iliyo katika ubavu mmoja hutibiwa hasa kwa mionzi, baada ya kupima kama haijaenea. Na ile iliyotoka katika titi au tezi dume hutibiwa kama saratani ya titi au tezi dume.

Swali ambalo wagonjwa huliogopa kuliliuliza ni hili: mbavu zikiondolewa, mtu atapumuaje? Pengo dogo, hasa la mgongoni ambapo bega hulifunika, linaweza kuachwa likafunikwa na misuli peke yake. Pengo kubwa la mbele au la ubavuni lingefanya kifua kibonyee ndani kila mtu anapovuta pumzi, badala ya kupanuka. Hivyo daktari huliziba kwa wavu imara wa plastiki ya kitabibu, na pengine huongeza saruji maalumu ya mifupa, kisha hulifunika kwa msuli uliogeuzwa kutoka mgongoni au kifuani, ukiwa bado na mshipa wake wa damu. Mkono wa upande huo unaweza kupungua nguvu kwa muda. Mvuvi na mkulima waulize mapema ni lini wataweza kuvuta kamba au kushika jembe, maana jibu la swali hilo ni chakula cha nyumba nzima.

Baada ya upasuaji mgonjwa huamka akiwa na mpira kifuani unaotoa hewa na majimaji, na huenda akalazwa kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Atatakiwa kukohoa, kuvuta pumzi ndefu na kukaa mapema, ingawa inauma. Ndugu wenye huruma humwambia apumzike. Huruma hiyo huweza kumletea nimonia. Dawa za maumivu zitolewe za kutosha ili aweze kukohoa, na mgonjwa anayeumia aseme. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla ya siku ya upasuaji.

Gharama, matangazo na malalamiko

Kabla ya kusafiri, uliza bima yako inagharimia nini. Kadi ya CHF iliyoboreshwa imekuwa ikiishia ngazi ya hospitali ya mkoa, tena kwa barua ya rufaa. Bugando iko juu ya ngazi hiyo. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya aulize hasa kuhusu CT, wavu na dawa za tibakemia. Asiye na uwezo aonane na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali mwanzoni, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa sababu Sera ya Afya inazitaja saratani na kifua kikuu miongoni mwa magonjwa yanayostahili msamaha. Anayekuja kutoka Nansio, Kome au Maisome apige pia hesabu ya nauli na mahali pa kulala kwa ndugu anayemwuguza. Tibamionzi hutolewa siku nyingi mfululizo, na wengi wamekatiza tiba kwa kukosa pa kulala, si kwa kukosa dawa.

Katika stendi, redioni na kwenye simu husikika dawa zinazodaiwa kuyeyusha uvimbe wa kila aina bila upasuaji. Hatulengi kumdharau mganga wa jadi, ambaye katika vijiji vingi vya Usukuma ndiye mtu wa kwanza kuonyeshwa donge na mara nyingine ndiye anayemshauri mgonjwa kwenda hospitali. Lakini Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Hakuna dawa ya kunywa au kupaka inayoyeyusha kondrosarkoma. Anayeuziwa dawa ya namna hiyo ahifadhi chupa, risiti na tangazo, kisha atoe taarifa kwa Tume ya Ushindani au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Lalamiko dhidi ya hospitali lianze kwa uongozi wa hospitali yenyewe, kwa maandishi, lenye tarehe. Linalohusu mwenendo wa daktari linaweza kufikishwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Baada ya matibabu ya sarkoma mgonjwa hurudi kliniki kila miezi michache kwa miaka ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi, akapapaswa kovu na kupigwa eksirei ya kifua, kwa kuwa mapafu ndiyo mahali sarkoma hupenda kuhamia. Kondrosarkoma inaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Kadi ya kliniki isitupwe, na anayehama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine kufuata samaki amjulishe muuguzi wa kliniki namba mpya ya simu kila anapohama.